Kumi Bora za Ua wa Nyumbani, Mbuzi Akiwa Jaji

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ni dhahiri wahenga hao hawakuwahi kuulizia bei ya saruji. Siku hizi hata mwenye ufa mpana anaketi kwanza, anapiga hesabu ya matofali, nondo, mchanga na fundi anayetaka advansi kabla hajashika mwiko, kisha anainuka na kusema: "Tupande miti."

Uamuzi mzuri. Ila ua wa mimea nao una masharti yake. Fundi wa ukuta akimaliza anaondoka. Ua wa mimea haumaliziki. Utaupogoa mpaka uzeeke, halafu utamwachia mwanao panga na maagizo. Ndiyo maana kuchagua mmea wa kuzungushia nyumba kunahitaji angalau nusu ya umakini ambao watu hutumia kuchagua rangi ya geti.

Tumeorodhesha mimea kumi iliyopandwa kuzungushia nyumba, mashamba na maboma Afrika Mashariki, tukihesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Kila mmea umeulizwa maswali matatu: utamzuia nani, utamdai nini mwenye nyumba, na jirani atasemaje. Na kwa kuwa hakuna mkaguzi wa uzio aliye makini kuliko mbuzi wa jirani, yeye amepewa neno la mwisho. Mbuzi hahongeki. Ukimpa hongo anaila, kisha anapita vilevile.

10. Mathenge

Tunaanza na aliyekwishafukuzwa mashindanoni, ili wengine wajifunze. Mathenge aliletwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa na sifa za kupendeza: anavumilia ukame, anatoa kuni, anashikilia udongo usipeperuke, na ana miba ya kulindia boma. Nani angemkataa mchumba wa namna hiyo? Posa ikapokelewa.

Ndoa iliishia mahakamani. Maganda ya mbegu zake ni matamu, mbuzi wakayafakamia, sukari ikawaozesha meno. Mbegu nazo zikasafiri tumboni hadi malisho ya mbali, zikashushwa huko zikiwa zimeshawekewa samadi. Vichaka vikafunga njia za mifugo, vikameza malisho, miba ikatoboa matairi. Katika miaka ya 2000 wakazi wakaishitaki serikali, na miongoni mwa ushahidi uliofikishwa mahakamani Nairobi alikuwamo mbuzi asiye na meno.

Kwa hiyo muuza miche akikusifia kwamba mmea wake unakua haraka, muulize swali la pili: na unaacha lini?

*Neno la mbuzi:* "Wakili wangu amenishauri nisifungue mdomo."

9. Mpungate

Huyu naye alikuja kwa mwaliko. Laikipia, enzi za ukoloni, mpungate ulipandwa kuwa pambo na uzio, na kwa muda ulikaa pale ulipopangiwa. Kisha tembo na nyani wakagundua kwamba matunda yake ni matamu, wakawa mabwana shamba wa kujitolea. Kipande kikianguka ardhini kinaota. Ukighadhibika ukaukata vipande vitano, hongera, umepanda mitano.

Miba mikubwa inaonekana. Tatizo ni ile midogo isiyoonekana, inayoingia midomoni na machoni mwa mifugo. Ikafika mahali wakaletwa wadudu waitwao kochinili ili waufyonze mpaka unyauke. Yaani mtu ameajiri mlinzi, halafu akalazimika kuajiri mdudu wa kumwondoa mlinzi.

Ukiupenda sana, upige picha.

*Neno la mbuzi:* "Aliyeueneza ni tembo. Anayefukuzwa kwa mawe ni mimi."

8. Msaiprasi

Sasa tumefika kwa waungwana. Pita Limuru, pita Nyeri, panda hadi Lushoto, utaona nyua za misaiprasi zilizonyooshwa kwa mkasi mpaka unaogopa kuziegemea. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini kwa jinsi ulivyozoea baridi ya nyanda za juu utadhani una kadi ya kupigia kura.

Mwaka 1986 vidukari wa misaiprasi walionekana Malawi. Kufikia 1990 walikuwa wameingia Kenya, na nyua zilizokuwa kijani miaka nenda miaka rudi zikaanza kuwa kahawia, nyumba moja baada ya nyingine. Mtaa mzima ulikuwa umepanda mmea mmoja, kwa hiyo mdudu aliyepata ufunguo wa geti moja alikuwa amepata wa mageti yote. Tangu hapo mwenye busara huchanganya: upande huu mmea huu, upande ule mwingine, ili ugonjwa ukibisha hodi usikute familia nzima mezani.

Jambo la pili ni mkasi. Msaiprasi hauchipui kwenye tawi kuukuu lililokwisha majani. Ukiuacha miaka mitano ukanenepa, kisha ukaamka siku moja na hasira na panga, ukakata mpaka kwenye kuni, pale hapaoti tena, umejitengenezea dirisha. Samaki mkunje angali mbichi: punguza kidogo kidogo, mara kwa mara, tangu mche ukiwa usawa wa goti.

*Neno la mbuzi:* "Sili kitu chenye harufu ya sabuni."

7. Mwashoki

Huu ni ua wa watu wanaotaka mtaa mzima ujue kwamba kuna ua. Mwashoki ni mrefu, mwembamba, majani yananing'inia kuanzia juu mpaka karibu na ardhi, na ukipanda mingi kwa mstari nyumba ya kawaida inapata heshima ya ubalozi. Asili yake ni India na Sri Lanka, na miji ya pwani imeupokea kwa mikono miwili.

Utamzuia nani? Vumbi, kiasi. Macho ya jirani wa ghorofani, sana. Mwizi, hapana, kati ya shina na shina atapita bila hata kukunja bega. Na matunda yake yakiiva popo watakuja kula usiku, na asubuhi utajua waliketi wapi kwa kuangalia gari.

Ila mwashoki unatufundisha kitu ambacho wapandaji wengi husahau: kabla ya kuchimba, tazama juu, kisha tazama chini. Juu kuna nyaya za umeme? Basi mti wa mita kumi na zaidi unajipandia ugomvi. Chini kuna bomba la maji, chemba, shimo la maji taka? Mizizi ina pua kali kuliko mbwa wa polisi, nayo hufuata unyevu popote ulipo. Chora kiwanja chako kwenye karatasi, hata kama hujui kuchora: nyumba, geti, chemba, bomba, mahali jua linapochomoza. Karatasi moja leo inaokoa fundi bomba watatu kesho.

*Neno la mbuzi:* "Nimepita katikati, na nina mimba ya mapacha."

6. Bogenvilia

Hapa tuheshimiane, maana kuna watu wanaoipenda bogenvilia kuliko shemeji zao. Na kweli, ukuta wa zambarau unaowaka saa nane mchana unamfanya hata mdai apunguze sauti anapobisha hodi.

Lakini uzuri wote huo si maua. Yale ya zambarau, waridi na chungwa ni majani yaliyovalia sherehe. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati, ambacho hakuna aliyewahi kukipiga picha. Mmea ulikusanywa Brazil mwaka 1767, katika safari ya baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, na yeye ndiye aliyebaki na jina. Mtaalamu wa mimea katika msafara huo alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake alikuwa kijana mchapakazi ambaye baadaye iligundulika kuwa ni mwanamke, Jeanne Baret, aliyejifanya mwanamume ili apate kupanda meli. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Kwa hiyo jani likijifanya ua, usilishangae. Kujificha kumo katika historia ya familia.

Katika kuipanda, bogenvilia inataka kunyimwa. Chukua kipandikizi cha tawi lililokomaa, unene wa kidole, kiweke penye jua la kutwa. Ukiimwagilia kila jioni na kuirundikia samadi kwa upendo, itakulipa majani ya kijani tu. Ikikaushwa kidogo, inaona kifo na kuanza kupamba. Iwekee nguzo na waya wa kuishika, na iache umbali wa mita moja au zaidi kutoka getini, kwa sababu chini ya zile nguo za sherehe kuna miba, na anayepita pale ni mtoto wa shule na dereva wa bodaboda, si mwizi.

*Neno la mbuzi:* "Nimekula rangi zote. Ladha ni moja."

5. Mbono kaburi

Mmea wenye jina hili hauhitaji kibao cha "Mbwa Mkali". Mbono kaburi umezungushiwa makaburi na mashamba tangu enzi za mababu, na sababu yake ni nyepesi: mifugo haiugusi. Ulitoka Amerika ya kitropiki, ukachoka kusafiri, ukaamua kukaa. Unakata tawi, unalichomeka ardhini mvua zinapoanza, unaenda kunywa chai. Ukichomeka matawi kwa kubananisha, shubiri moja kati ya moja na jingine, yatashikana.

Katika miaka ya 2000 mmea huu ulipata umaarufu wa ghafla. Ikasemwa mbegu zake zitaendesha magari, na kampuni kutoka nje zikaja Tanzania kuomba ardhi kwa maelfu ya hekta. Kisha ikaonekana kwamba mbono unaoota penye ukame bila kutunzwa hutoa mbegu za mmea usiotunzwa. Mbegu za kujaza tangi zinataka maji na mbolea, sawa na zao lingine lolote. Kelele zikaisha, mbono ukarudi kulinda makaburi, na haukuonyesha dalili ya kujuta.

Una kasoro mbili. Kwanza, mbegu zake ni sumu na zinafanana na kitu cha kuliwa. Penye watoto wadogo, tafuta mmea mwingine. Pili, kiangazi kikikolea hupukutisha majani. Ule usiri uliojivunia wakati wa masika unaisha, na mtaa mzima unajua kwamba huwa unafua nguo ukiwa na taulo tu.

*Neno la mbuzi:* "Sijaonja. Jina linatosha."

4. Mhina

Pwani wana akili. Wao waliuliza swali ambalo bara tulilisahau: kama nitakata matawi maisha yangu yote, kwa nini nisikate kitu ninachokihitaji?

Mhina ni mmea mvumilivu wa joto na ukame, unaota kwa mbegu au kwa vipandikizi, unakubali kukatwa, na ukikatwa unashukuru kwa kuchipua matawi mengi zaidi. Ukizeeka unaota na vijimiba, vya kukumbusha tu, si vya kuumiza. Maua yake madogo yananukia jioni. Majani yakianikwa na kutwangwa, yanaingia mkononi mwa bibi harusi. Hapa kupogoa kunakuwa mavuno, na mwenye nyumba mvivu anapata wasaidizi bila kuwalipa: wiki ya harusi haiishi kabla binti wa jirani hajaja na kikapu. "Hodi hodi! Mama amenituma, naomba majani kidogo." Mpe. Mwambie tu akate upande wa nje, na akate kwa usawa.

Kwa ulinzi, mhina haumtishi mtu mwenye nia mbaya. Ila ua ambao wanawake watano wa mtaa wanaupitia kila wiki, wakiukagua tawi kwa tawi, una ulinzi ambao seng'enge haijawahi kuutoa.

*Neno la mbuzi:* "Bibi harusi aliniona, lakini hina ilikuwa haijakauka. Nimekula kwa nafasi."

3. Mnyaa

Huyu ni mkongwe wa kazi. Usukumani, Umasaini, pwani ya Kenya, Rwanda, Burundi: popote ambapo watu walihitaji boma la haraka bila kununua kitu, mnyaa ulikuwapo. Ziwa Manyara lenyewe linatajwa kupata jina lake kutokana na mmea huu, ambao Wamasai waliuzungushia maboma. Hakuna kampuni ya ulinzi iliyowahi kupewa ziwa.

Nguvu yake haiko kwenye miba, maana hauna. Iko kwenye utomvu mweupe unaochuruzika tawi likivunjika. Ukigusa ngozi unababua. Ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda, na maumivu yake hayana mzaha. Kwa hiyo sheria za mnyaa ni za kijeshi. Unapokata, vaa miwani, glavu na shati la mikono mirefu. Usikate tawi lililo juu ya usawa wa macho yako. Usimpe mtoto kazi hiyo hata akikuomba. Utomvu ukiruka jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha nenda hospitali. Usimsubiri mjomba mwenye dawa yake.

Kuupanda ni rahisi mpaka unaona aibu. Kata vipande vya urefu wa kuanzia kiganja hadi kiwiko na zaidi, viache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda cha mkato kikauke, kisha chomeka. Wengi hukosea kwa huruma: wanachomeka kibichi, wanamwagilia asubuhi na jioni, kinaoza. Mnyaa hautaki huruma. Ukishashika, panda mstari wa pili nyuma ya wa kwanza, ili pengo la mbele lizibwe na la nyuma.

Unafaa zaidi shambani na kwenye zizi kuliko nyumba yenye watoto wanaocheza mpira. Mpira mmoja ukigonga, matawi yanavunjika, na mfungaji wa bao analia.

*Neno la mbuzi:* "Wengine wanasoma vitabu. Mimi nimesoma utomvu, nikageuka."

2. Mchongoma

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Aliyetunga msemo huo alikuwa na ushahidi kwenye suruali.

Mchongoma tunaouzungumzia hapa ni ule ambao Kenya wanauita kayaba, wenye matunda ya njano machachu. Kwao ni kusini mwa Afrika, pande za mto Kei. Miba yake inafika urefu wa kidole, majani hayapukutiki, ukame unauvumilia, na ukiukata hata kwa ukatili unachipua. Una dume na jike mbalimbali, kwa hiyo usishangae mti mmoja ukizaa mpaka kuinama na mwenzake ukabaki unatazama. Matunda yanatengeneza jamu nzuri, kwa atakayejitolea kuyachuma.

Kwa kuwa huu ndio ua kamili, tuupange kikamilifu.

Hesabu kwanza. Kiwanja cha 20 kwa 20 kina mzunguko wa mita 80. Toa mita 4 za geti, zinabaki 76. Ukipanda mche kila sentimita 30, unahitaji miche 253. Ongeza akiba ya ile itakayokufa, nunua 280. Ukiona jirani wa nyuma ameshajenga ukuta, toa upande huo. Hakuna sifa ya kupanda miba mbele ya matofali ya mwenzio.

Hesabu ya pili watu hawaipigi. Mchongoma uliotunzwa vizuri una upana wa mita moja na nusu hivi. Ukiuzungushia kiwanja hicho chote, utakula zaidi ya mita za mraba 100 kati ya 400. Robo ya kiwanja! Umenunua ardhi kwa jasho, ukaigawia miba. Kama kiwanja ni kidogo, weka mchongoma upande mmoja au miwili ya hatari, kwingine weka mmea mwembamba.

Kisha mstari. Kwa kuwa upana ni mita moja na nusu, miche ikae sentimita 75 au zaidi ndani ya mpaka wako, si juu ya mpaka. Ukipanda juu ya mpaka, nusu ya ua umempandia jirani bila kumuuliza. Na upande wa barabara kumbuka hifadhi: kwa barabara kuu Tanzania ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mchongoma hausomi sheria, lakini anayekuja na rangi nyekundu kuchora X anaisoma.

Mtaro uchimbwe kabla ya mvua, si wakati wa mvua: upana na kina cha sentimita 40 hivi. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na samadi iliyoiva. Samadi mbichi itaunguza mizizi na kukualikia mchwa. Masika yakishakolea, panda jioni. Toa kiriba, ndiyo, kitoe. Kila mtaa una ua uliodumaa ambao miche yake imevaa viriba mpaka leo. Weka matandazo ya majani makavu, na kiangazi cha kwanza mwagilia mara mbili kwa wiki, maji mengi kwa wakati mmoja kuliko matone ya kila siku.

Mche ukifika goti, ukate theluthi ya juu. Najua inauma. Umeungoja miezi, sasa unaukata kichwa. Lakini usipoukata utakwenda juu ukiwa mti, chini ukibaki na uwazi wa kupitisha kuku, mbuzi na mwizi kwa mpangilio huo. Kila unapopunguza, acha chini pawe papana kuliko juu, ili jua lifike kwenye matawi ya chini. Upande wa mbele usiuache upite kifua. Ua mrefu unamzuia mwizi kuingia, na akishaingia unamficha kwa uaminifu uleule.

Ua kamili utaupata baada ya miaka miwili hadi mitatu. Katika kipindi hicho linda miche kwa matawi makavu ya miba, na matawi unayopogoa usiyatupe njiani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ila mwiba wa kuwachoma wapita njia unaitiwa kikao.

*Neno la mbuzi:* "Nimerudi nyumbani."

1. Masale

Tulia. Najua unachotaka kusema. Masale hayana miba, hayana sumu, hayana utomvu wa kupofusha, na kati ya shina na shina anapita ng'ombe. Mbona yameshika namba moja mbele ya mchongoma?

Kwa sababu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, masale ndiyo yaliyogawa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, na yalifanya hivyo bila kumchoma mtu. Mstari wa masale ukishapandwa mpakani, kuung'oa au kuusogeza si uharibifu wa mmea. Ni kosa kwa walio hai na kwa waliozikwa humo. Jani lake nalo lina kazi yake: aliyekosa hulibeba kwenda kuomba radhi, na anayepelekewa huona vigumu sana kukataa. Ulaya mmea huohuo unauzwa kwenye vyungu na kuwekwa kwenye kona za ofisi, ambako haujapatanisha mtu.

Na hapa ndipo mimea tisa iliyotangulia inapokosea. Mingi imejiandaa kupambana na mgeni wa usiku. Lakini kesi za mpaka zinazojaza ofisi za serikali za mitaa hazina mgeni wa usiku hata mmoja. Zina watu wawili wanaosalimiana kila asubuhi, mmoja amepanda michongoma mwezi ambao mwenzake alikuwa msibani, na mwingine amerudi akakuta hatua mbili za shamba lake zina miba. Mwiba haujui mpaka uko wapi. Anayejua ni jirani, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ua haifanywi kwa jembe. Unamwendea jirani siku ya mapumziko, kabla hujanunua mche hata mmoja. "Shikamoo mzee, nataka kupanda ua, naomba tutafute bikoni pamoja." Mnatafuta mawe ya mpaka, yakikosekana mnamwita mpima. Mwite na mjumbe, awe shahidi. Mnavuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni, na juu ya kamba hiyo mnachomeka masale, wewe moja, yeye moja. Hayahitaji kitalu: kipande cha shina ardhini wakati wa mvua kinatosha, na kivuli cha migomba hakiyasumbui. Kama unaishi kwenye joto kavu ambako yatakufa kiu, tumieni mmea mwingine mwembamba mtakaokubaliana. Halafu mnazungumza yale ambayo watu huyaacha mpaka yawe kesi: ua utakuwa wa urefu gani, upande wake ataupogoa nani, matawi yatatupwa wapi, matunda yakidondoka kwake ni ya nani. Andikeni, hata kwenye daftari la shule la mtoto, na kila mmoja atie sahihi.

Baada ya hapo, rudi nyuma sentimita zako 75, panda mchongoma wako kwa raha zako, na ukipenda changanya na mhina upande wa jikoni. Miba itamshughulikia mgeni wa usiku, masale yatawashughulikia nyinyi wawili.

*Neno la mbuzi:* "Nimepita. Nimekula mchicha, nimekula na sukuma wiki. Mwenye mimi amenifuata na jani la isale mkononi, na kesi imeisha kabla sijamaliza kutafuna."